Vitone vya Kolo

Kijitabu kilichoko mbele yangu kina kurasa 32 na jalada la rangi ya udongo, na katika ukurasa wake wa 11 mna picha ambayo sikuitazama sawasawa ila baada ya nakala 1,000 kwisha kuchapwa. Ni picha ya mtu mmoja mwekundu, mrefu, mwembamba mithili ya unyasi, aliyechorwa na mkono tusioujua katika kivuli cha mwamba, kaskazini ya mji wa Kondoa. Maneno ya kijitabu niliyafasiri mimi kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa skuli, na niliyasahihisha mara tano. Nilishindana na mhariri wangu siku nzima juu ya mkato mmoja. Picha sikuisahihisha hata mara moja. Nilidhani, kama wadhanivyo wengi katika sisi tunaoishi kwa maneno, kwamba picha haina makosa ya tahajia.

Insha hii ni habari ya kosa hilo, na ya makosa mengine yaliyolitangulia, tangu watu walipoanza kuitoa michoro ya Kondoa mwambani na kuitia karatasini. Najua msomaji wa pwani atauliza: sisi wenye tenzi na mashairi tuna haja gani na mapango ya bara na hesabu za wapiga chapa? Namwomba subira. Nukta za maandishi ya babu zetu zitaingia katika habari hii kabla haijaisha.

Uwanda wa kati wa Tanzania hauna haraka ya kumpendeza mgeni. Ukifika Dodoma ukitokea pwani, jicho lililozoea minazi hutafuta kivuli, likapata mbuyu, miiba, na majabali yaliyokaa juu ya ardhi kama mizigo iliyosahauliwa na msafara. Kutoka hapo barabara ya kwenda Babati ina urefu wa kilomita 251. Ilizinduliwa ikiwa na lami mwaka 2018, na aliyeipita kabla ya hapo alikuwa akishuka Kondoa vumbi jekundu limemwingia mpaka ndani ya nyusi. Kondoa iko kiasi cha kilomita 160 kutoka Dodoma, na Kolo iko mbele yake, mwendo wa kilomita 25 hivi, kando ya njia hiyohiyo. Hapo ndipo nchi inapopanda na kuvunjika, na miamba ikatokeza kama paa za nyumba zisizo na kuta. Chini ya paa hizo kuna michoro. Shirika la UNESCO liliyaingiza maeneo hayo katika Urithi wa Dunia mwaka 2006: zaidi ya mapango 150 ya wazi, yaliyotawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336, na michoro ambayo watu wamekuwa wakiichora kwa muda usiopungua miaka 2,000.

Iko michoro ya aina mbili, na ni lazima tuitofautishe, kwani tofauti hiyo ndiyo asili ya taabu ya mpiga chapa. Aina ya kwanza ni myekundu, ya mistari myembamba, ya watu warefu na wanyama waliotazamwa vyema: twiga, pofu, tembo. Wataalamu huinasibisha na wawindaji na wachumaji wa zamani, na mara nyingi humtaja Msandawe, jirani wa Kondoa mwenye lugha ya kugonga ulimi, kuwa ndiye aliye karibu zaidi na wachoraji hao kwa damu na kwa mila. Aina ya pili ni nyeupe, minene, aghalabu iliyopakwa kwa kidole, nayo hunasibishwa na wakulima waliokuja baadaye. Nyeupe humfikia mtazamaji bila kuitwa. Nyekundu humtaka asogee, ainame, asubiri jicho lizoee kivuli. Kisha ndipo huona kwamba kile alichodhani ni doa ni kichwa, na juu ya kichwa mna mistari kama nywele au kilemba, na kila mstari umevutwa peke yake.

Nimesema asogee. Neno hilo ndilo lililonishinda miaka ile. Aliye mwambani akitaka kuona zaidi husogea. Aliye na kitabu mkononi husogea vipi? Akikileta ukurasa karibu na uso haoni tena mtu mwekundu, huona vitone vya wino.

Wa kwanza kuitangaza michoro hii kwa wasomi wa Ulaya kwa Kiingereza alikuwa mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa. T.A.M. Nash alikuwa mtaalamu wa wadudu, akichunguza mbung'o huko Kondoa. Makala yake fupi ilitoka mwaka 1929 katika jarida la taasisi ya wanaanthropolojia mjini London. (Wapo watu hutafuta kitu maisha yao yote wasikipate, huyu alikuwa akitafuta mbung'o.) Katika miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen aliizunguka nchi ya kati akinakili. Mwaka 1950 Henry Fosbrooke, afisa wa serikali ya kikoloni, aliandika juu ya michoro ya Tanganyika katika jarida la Tanganyika Notes and Records, lililokuwa likitolewa Dar es Salaam. Na mwaka uliofuata, 1951, Mary Leakey na mumewe Louis walipiga kambi huko Kondoa kwa kazi iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizotangulia.

Kazi yake Mary Leakey nimeifikiria sana, kwa kuwa inafanana na kazi ya mfasiri. Alibandika karatasi angavu juu ya mwamba, akaufuatisha kila mstari kwa ukubwa wake halisi, kisha akauchora tena kwa rangi, kwa kipimo kidogo, mezani. Michoro aliyoinakili hivyo ilifikia kiasi cha 1,600. Mwenye kufanya kazi ya namna hiyo huamua katika kila inchi: huu ni ufa wa jiwe au ni mkuki? Doa hili ni la rangi au la kinyesi cha pimbi? Akiamua, msomaji wake hana tena nafasi ya kuamua. Lakini mkono wake unajulikana, jina lake liko juu ya jalada, na anayetaka kumshitaki anajua pa kwenda. Kitabu chake, Africa's Vanishing Art, kilitoka mwaka 1983. Kati ya karatasi angavu na kitabu ilipita miaka 32. Katika muda huo nchi ilipata uhuru, ikaungana na visiwa vyetu, ikaamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu yake Dodoma, na mwanachuo wa kwetu, Fidelis Masao, akatoa mwaka 1979 kitabu chake juu ya Zama za Mawe za mwisho na michoro ya Tanzania ya kati.

Sasa tuingie kiwandani.

Mashine ya chapa haijui rangi hafifu. Inajua wino na inajua karatasi tupu. Baina ya hivyo viwili haina kitu. Ili kuonyesha kijivu ni lazima idanganye kwa vitone: vitone vikubwa vilivyobanana huwa giza, vitone vidogo vilivyoachana huwa mwanga, na jicho la binadamu, likiwa mbali kiasi, hupokea udanganyifu huo kwa furaha. Gazeti moja la New York lilichapa picha kwa njia hiyo tarehe 4 Machi 1880, na tangu siku hiyo picha zote za magazeti na vitabu, hata ya babu yako aliyepigwa na gavana, ni vitone. Karatasi ya gazeti, kwa kuwa hunywa wino, hustahimili kiasi cha safu 85 za vitone katika inchi moja. Karatasi laini ya kitabu cha picha hustahimili 150. Na wapiga chapa wana kanuni ya kale: picha unayoleta iwe na pikseli mara mbili ya safu hizo, ndiyo maana kila kijana wa kupanga kurasa, kuanzia Darajani mpaka Dodoma, anaijua namba 300 kama anavyolijua jina la mamake. Kwa picha za rangi hesabu hurudiwa mara nne, kwani kila rangi ina bamba lake: samawati, waridi iliyokoza, manjano na nyeusi. Mabamba manne yakipishana kwa unene wa unywele, mstari mwembamba wa mchoraji wa Kondoa huwa mistari miwili, na mtu mmoja huwa na kivuli kisichokuwapo.

Dodoma si mgeni katika mambo haya. Watu wa pwani hupenda kudhani kwamba kitabu cha Kiswahili kilizaliwa Unguja na kufa njiani kuelekea Morogoro. Kwa hakika Central Tanganyika Press, ya Kanisa Anglikana, imekuwako Dodoma tangu mwaka 1954, ikitoa vitabu vya Kiswahili kwa wasomaji wa bara wakati ambapo mji wenyewe ulikuwa stesheni ya reli na soko. Siku hizi, serikali ikiwa imehamia huko na Bunge likikutana huko, karatasi za kuchapwa hazipungui. Kijitabu changu hakikuchapwa mahali nilipopataja; kilichapwa penginepo, na sitapataja, kwani kosa lilianza mkononi mwangu.

Mwaka 2014 mhariri aliniomba nimtafutie picha moja ya rangi. Sikuwa nimefika Kolo. Niliitoa picha katika ukurasa wa intaneti, kwa idhini ya mwenyewe, ikiwa na upana wa pikseli 600. Kwenye kompyuta yangu ilijaza kioo, ikang'aa, nikaona nimepata. Niliibandika ndani ya waraka wa maneno pamoja na tafsiri yangu, nikaupeleka kwa barua pepe, na kwa tahadhari nikaipeleka picha hiyohiyo kwa simu. Kumbe kila mlango nilioupitia ulitoza ushuru. Programu ya kuandikia maneno hupunguza picha inapohifadhi waraka. WhatsApp hupunguza picha inaposafirisha. Hesabu ya 600 ikigawanywa kwa 300 ni inchi 2, yaani sentimita 5. Mimi nilitaka ukurasa mzima.

Nilikwenda mwenyewe kiwandani. Kijana aliyekuwa akipanga kurasa alinipa kiti, akaniamkia, akageuza kioo upande wangu.

"Mzee, picha hii ni ndogo. Itapasuka."

"Iongeze basi, mwanangu."

Akabofya hapa na pale, akaandika namba katika kisanduku.

"Tayari. Ilikuwa 72, sasa ni 300."

Nilimshukuru, nikarudi kwenye mikato yangu.

Nini alichokifanya kijana yule? Hili nililijua baadaye, na nataka nilieleze kwa lugha ambayo wasomaji wa jarida hili wanaimiliki kuliko wapiga chapa. Picha yenye vitone 600 kwa upana ilitakiwa iwe na vitone 1,500. Vitone 900 havikuwapo popote. Mpiga picha hakuvileta, mwamba haukuulizwa. Mashine ilitazama kitone hiki na jirani yake, ikakisia rangi iliyo katikati yao, ikaijaza pale. Ndivyo afanyavyo mshairi mwanafunzi aliyekwama na mizani sita katika kipande cha mizani nane: hutia "kwa hakika", hutia "nawambia", hutia "wallahi", na mizani ikatimia. Mkaguzi akihesabu vidole hapati kosa. Habari ya ubeti haikuongezeka hata chembe, bali imeongezeka pumzi. Sisi tunalo neno la dharau kwa ubeti wa namna hiyo, tunasema umejazwa. Kwa picha hatukuwa na neno, kwa hiyo nilitoa shukrani.

Kijitabu kilipotoka, mtu mwekundu alikuwa mtu wa uji. Mistari ya kichwani iligandana ikawa kofia. Vidole havikuonekana. Na mwamba, ambao kwa asili una wekundu wake, ulikuwa umemeza nusu ya mwili wake. Toleo la bei nafuu, lililochapwa kwa wino mweusi peke yake, lilikuwa baya zaidi: wekundu wa rangi na wekundu wa jiwe, vikigeuzwa kijivu, huwa kijivu kimoja. Mtu aliyedumu karne nyingi katika upepo wa Kondoa alifutika kwa kubofya mara moja. Hapa nitasema jambo la ajabu kidogo. Filamu za zamani za rangi nyeusi na nyeupe, zile ambazo hazikuweza kuuona mwanga mwekundu, zilizifanya rangi nyekundu kuwa nyeusi kabisa. Kasoro yake ilikuwa rehema kwa mwenye kupiga picha za michoro myekundu.

Tamaa ya kuongeza haikuanza na kompyuta. Katika sehemu nyingi za Afrika wageni wamekuwa wakimwagia michoro maji ili rangi iamke na kamera iione. Kweli huamka, kama changarawe za pwani zinavyopendeza zikiwa na maji. Kisha maji hukauka, chumvi iliyomo katika jiwe hutoka nje, na utando mweupe huganda juu ya rangi. Kila aliyemwagia alipata picha nzuri kuliko ya atakayemfuata. Waliokuja nyuma wakamwagia zaidi.

Ipo njia nyingine ya kuongeza, nami niiseme ili nisionekane kuwa adui wa mashine. Mwaka 2005 Mmarekani Jon Harman, mtu wa hisabati, alitunga programu iitwayo DStretch, akifuata njia iliyokuwa ikitumiwa na wataalamu wa anga kusoma picha za ardhi zilizopigwa kutoka juu. Programu hiyo haitii kitone kipya. Huchukua tofauti ndogo za rangi ambazo kamera ilizipokea lakini jicho halizioni, ikazivuta mbalimbali mpaka wekundu uliokuwa umezama utokeze, aghalabu katika rangi za kutisha, zambarau juu ya kijani, ambazo hakuna awezaye kuzidhani kuwa za mchoraji. Nafurahi kwamba ni rangi za kutisha, kwani zinakiri zenyewe kuwa ni za mashine. Lakini programu hiyo haina msaada ikiwa picha imepitia milango ya ushuru niliyoitaja. Picha iliyobanwa kwa mtindo wa JPEG hugawanywa katika viraba vya pikseli 8 kwa 8, na rangi ikivutwa, viraba hivyo hutokeza kama vigae vya msalani, vikaufunika mchoro uliokuwa ukitafutwa. Asiyetunza picha ya asili hana cha kuvuta.

Na kwamba kuna vya kutafutwa, hilo halina shaka. Katika Hifadhi ya Swaga Swaga, kusini ya Kondoa, mtafiti kutoka Poland, Maciej Grzelczyk, alikuta mwaka 2018 maeneo 52 ya michoro ambayo hayakuwa yamerekodiwa. Moja kati yake, liitwalo Amak'hee 4, alilieleza mwaka 2021 katika jarida la Antiquity: michoro karibu yote ni myekundu, na miongoni mwake wamo watu watatu wenye vichwa vinavyofanana na vya nyati. Ni lazima niseme kwamba ubishi wote juu ya watu hao uko vichwani mwao, yaani katika mistari michache ambayo kitone kimoja cha mpiga chapa kinaweza kuila.

Vivyo hivyo katika ule mchoro mashuhuri wa Kolo wa watu watano. Mmoja yuko katikati, na wengine wamemshika huku na huku. Mary Leakey aliuona kama tukio la utekaji: mwanamke anavutwa na upande mmoja, na upande wa pili unamzuia. Wengine waliokuja baadaye, wakiifikiria ngoma ya Wasandawe iitwayo simbo, ambamo mchezaji hupandisha na kupotewa na nafsi yake, wameona kinyume chake: hakuna anayetekwa, kuna anayeegemezwa na wenziwe asianguke. Mkono uleule, mwili uleule; ni adui au ni ndugu? Sina elimu ya kuamua, ingawa moyo wangu uko na simbo. Ninachojua ni kwamba jawabu, kama lipo, limo katika vichwa, katika viganja na katika mahali mkono unapogusana na mkono, na kwamba katika kitabu cha skuli chenye picha iliyojazwa, mahali hapo pana ukungu.

Sasa nukta nilizoahidi. Katika maandishi yetu ya Kiarabu, yale ambayo tenzi zilihifadhiwa kwayo, ba, ta na nun zikiwa mwanzo au katikati ya neno ni jino moja tu. Kinachozitenga ni nukta, moja chini, mbili juu, moja juu. Ziondoe nukta, bana na tana huwa sura moja. Niliwahi kupewa nakala ya utenzi iliyotolewa kwa fotokopi kutoka kwa fotokopi nyingine, kisha mtu mwema akaipitisha katika skana na kuagiza programu "isafishe madoa". Programu ilisafisha. Ilikuta vijitone vyeusi vilivyokaa peke yake katika karatasi nyeupe, ikavihesabu kuwa uchafu, ikavifuta, na baadhi yake vilikuwa vitobo vya mchwa na baadhi yake vilikuwa Kiswahili. Nilikaa na ubeti mmoja juma zima. Vina vilinisaidia, mizani ilinisaidia, lakini kuna maneno mawili ambayo mpaka leo nimeyaandika kwa mkono wangu na si kwa mkono wa mtunzi, na katika daftari langu nimeyawekea mabano. Mwenye nakala yenye nukta, ikiwa iko Lamu au Pate au katika rafu za Dar es Salaam na London, atanihukumu.

Mwaka 2023 kijitabu kilitakiwa kichapwe tena. Nilisema picha ibadilishwe. Nikaambiwa hapana haja, siku hizi kuna programu ya akili mnemba inayoikuza picha ndogo bila kuipasua. Nikaletewa, na kwa kweli nilistaajabu. Hapakuwa na uji wala ukungu. Mistari ilikuwa mikali kama wembe. Mtu mwekundu alikuwa na vidole vitano katika kila mkono, na kucha, na katika uso wake uliokuwa doa moja palikuwa na jicho.

Safari hii nilipanda basi. Nilifika Kolo na karatasi mbili mfukoni, ile ya uji na ile ya jicho, na mwongozaji, mtu wa makamo, Mrangi wa hapohapo, akanipeleka mpaka chini ya mwamba wenyewe. Njiani alinionyesha kilima cha Mungomi wa Kolo, ambako wazee bado hufanya matambiko na kumimina pombe. Wahifadhi hulalamika kwamba pombe huchafua michoro. Wazee, kwa upande wao, hawakumbuki kumwomba mtu yeyote awahifadhie. Mwongozaji alilisema hili bila kucheka, nami sikujua nisimame upande gani, bado sijui.

Mwamba ulikuwa na baridi. Nilingoja jicho lizoee. Kisha nikamwona, mdogo kuliko nilivyomdhania, urefu wake haufikii dhiraa moja. Mwongozaji alichukua ujiti wa nyasi, akaunyoosha bila kugusa jiwe, akahesabu mistari ya kichwani: saba. Nikatoa karatasi ya kwanza: kofia. Nikatoa ya pili: mistari kumi na mmoja, iliyopangwa vizuri, kila mmoja una kivuli chake. Vidole mwambani havikuwapo kabisa. Mchoraji aliishia kwenye kiganja. Jicho halikuwapo.

"Hili wamelitoa wapi?" akauliza mwongozaji, akiweka ujiti juu ya jicho.

Nilijaribu kumweleza: kwamba programu hiyo imefunzwa kwa mamilioni ya picha za watu, na kwamba ikikuta doa mahali pa uso hukisia kile ambacho kwa kawaida hukaa usoni. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi huyu ni mtu wa kwenye hizo picha," akasema. "Si huyu wa hapa."

Karatasi ya uji ilinitia aibu, lakini haikumwambia mtoto wa skuli uongo wowote ambao hangeweza kuutambua. Hata mtoto huona kwamba picha ni mbovu. Karatasi ya jicho ndiyo iliyonitisha. Fikiri imechapwa nakala 1,000, mwalimu wa Bahi au wa Mpwapwa anaisimamisha mbele ya darasa, na miaka ishirini mbele mtafiti kijana, mwamba ukiwa umeshaliwa na chumvi, anaandika juu ya macho katika michoro ya Kondoa.

Nilimwomba mwongozaji apige picha kwa kamera yangu, kwa kuwa mkono wake haukutetemeka kama wangu, na aweke pembeni kipimo, kijiti chenye alama za sentimita. Wingu lilipita, mwanga ukawa hafifu. Tulipiga kumi na tatu. Nyumbani niliona kwamba zote, isipokuwa moja, zina ukungu wa kutikisika, na hiyo moja ina ukali katikati tu. Ukiikata pembe zake kinabaki kipande cha pikseli 700 hivi kwa upana. Safari ya pili fedha haikuniruhusu.

Toleo la pili limetoka. Picha ya ukurasa wa 11 ina upana wa sentimita 6 kasoro kidogo, imekaa katikati ya karatasi tupu, na chini yake nimeandika ukubwa wa mchoro mwambani, mwaka picha ilipopigwa, na kwamba haikuongezwa. Mhariri alinipigia simu kulalamika kwamba ukurasa una nafasi nyingi iliyopotea, angeweza kutia hapo mazoezi matatu ya ufahamu. Mwongozaji wa Kolo nilimpelekea nakala nne, alizoniomba kwa ajili ya wanawe.